Siku Niliyoingia Uwanjani Bila Kuitwa

Mabinti zangu, siku mliyoniaga pale chuoni mlinipa kanga na keki, mkapiga picha mpaka simu zikaisha chaji, halafu yule mfupi wenu anayecheza namba moja, wa kupandisha mpira na kupanga mchezo, akaniuliza mbele ya watu, "Kocha Somoe, namba moja mzuri anajulikana kwa kitu gani?" Nikamjibu, "Kwa kasi," maana watu walikuwa wanasubiri keki ikatwe. Jibu lile limenikera tangu siku hiyo. Magoti yamenistaafisha, lakini kichwa bado kinatembea vizuri. Basi kaeni niwajibu sawasawa.

Kasi nilikuja nayo chuoni kutoka nyumbani. Nilikuwa nawaacha wote, ila nilidunda mpira nimeinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano. Kocha wetu, Mwalimu Mapunda, Mngoni mmoja mrefu aliyewahi kucheza kikapu jeshini, alinitazama mazoezi ya kwanza yote bila neno. Tulipomaliza akaniita pembeni.

"Wewe Somoe, huo mpira umeandikwa nini?"

"Haujaandikwa kitu, Kocha."

"Sasa mbona unausoma?"

Kesho yake akanipeleka barabara ya bandarini. Ulikuwa msimu wa korosho, malori yamejipanga kusubiri zamu ya kuingia, madereva wamelala chini ya matela, utingo wanacheza bao la kuchora chini kwa vidole. Kocha akanipa mpira na kuniambia nitembee kandokando ya foleni nikidunda kwa mkono wa kushoto, na kila lori nilisome namba zake kwa sauti. Nikikosea namba, narudi mwanzo wa foleni. Madereva walifurahi sana. Wengine walinitajia namba za uongo ili nichanganyikiwe. Utingo mmoja alifungua mlango bila kuangalia, ukanigonga bega, mpira ukaviringika chini ya tela, nami nikaufuata huko huko kwa magoti. Dereva aliyekuwa amelala akashtuka akazikumbatia ndala zake, akadhani nimekuja kumwibia.

Msimu ulipoisha nilikuwa nadunda mpira bila kukumbuka kwamba ninao. Nikajua nimefuzu. Kocha akasema bado.

"Macho yako sasa hayana kazi," akaniambia. "Yape kazi. Angalia watu. Nani anahema, nani amekasirika, nani anaogopa kupewa mpira."

Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko malori. Mchezaji aliyechoka, mtamwona anaanza kusimama kwa visigino. Anayeogopa mpira hukimbilia mahali ambapo pasi haiwezi kumfikia, tena hukimbia kwa bidii sana ili baadaye usimlaumu. Mwenye hasira na mwenzake hatampa pasi mbaya, atampa pasi nzuri kwa kuchelewa. Vitu kama hivyo havimo kwenye vitabu vyenu vya ukocha, na mimi sikuvijua mpaka nilipolazimishwa kunyanyua kichwa.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa na aibu zake. Kuna wakati nilijiona mjanja nikawa nawaita wenzangu kwa Kimakonde, kwamba timu za mbali zisielewe tunapanga nini. Ikaja timu ya Dar. Kila nikitaja mpango, binti mmoja wa upande wao, mwembamba, mkimya, anafika mbele yangu kabla pasi haijatoka mkononi. Wakati wa mapumziko nikamkuta bombani anakunywa maji. Nikamwuliza, "Dada, kwenu ni wapi?" Akanijibu kwa Kimakonde kilichonyooka kuliko changu kwamba bibi yake yuko Newala na huenda kumsalimia kila likizo. Tulifungwa vibaya siku ile, na Kocha alicheka mpaka akavua miwani.

Baada ya hapo tukaipa mipango majina yetu. "Bandari" maana yake wote mnaingia ndani, mzigo unashushwa katikati, kwa senta, yule mrefu wa chini ya ringi. "Mikindani" maana yake tunazunguka taratibu, hakuna anayekimbia, tunakula muda. Mji ule hauna haraka na mtu, ndiyo maana.

Sasa Bandari ulikuwa mpango wa mtu mmoja, na huyo ndiye ninayetaka kuwaambieni habari zake.

Sharifa alitoka Msimbati. Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa anachokoa pweza miambani maji yakitoka, na Sharifa alikulia kwenye kazi hiyo hiyo. Vidole vyake vikishika mpira, hakuna aliyeuchomoa. Alikuwa mrefu hata akawa anainama kuingia chumbani kwetu bwenini, na alicheka amefumba mdomo, kama mwenye kitu anachokificha. Tulilala chumba kimoja miaka yote ya chuo. Uwanjani nilikuwa namrushia mpira bila kumtazama na unafika, kwa sababu yeye alikuwa ananitazama mimi.

Ilikuwa miaka ile watu wa gesi walipoanza kujaza nyumba za wageni mjini. Mwaka wetu wa mwisho, mashindano ya vyuo yakaletwa kwetu, kwenye uwanja wetu wa saruji, na sisi tukaingia fainali. Zikaja habari kwamba kuna mgeni amefika kutoka klabu moja ya Dar, klabu ya kampuni, ambayo ukichukuliwa unapewa na kazi. Amekuja kuangalia watu wawili: senta wetu na namba moja wetu.

Sharifa alipopata habari ile aliketi kitandani. Akasema, "Mama atatoka kwenye miamba."

Asubuhi ya fainali niliamka nikamkuta amelala ameketi, mgongo ukutani, mito miwili nyuma yake. Siku hizo alikuwa akilala hivyo, nikimwuliza anasema joto. Akaanza kukohoa. Akakunja upindo wa kanga mdomoni, akakohoa kwa muda, na alipoutoa niliona kabla hajaufumbata mkononi. Ulikuwa na damu.

"Sharifa, hiyo nini?"

"Koo. Limekwaruzika."

"Nionyeshe."

"Somoe, niache."

Nikatazama miguu yake. Viatu vyake vya mchezo vilikuwa sakafuni na kamba zimelegezwa zote, na miguu ilikuwa imejaa, kifundo hakionekani. Nikasimama nimwite matroni. Akanidaka mkono, na mnajua nilivyowaambia kuhusu vidole vyake.

"Leo tu," akasema. "Kesho asubuhi tunakwenda wote hospitali, nakuapia. Yule mgeni anaondoka kesho. Nikikosa leo hatarudi tena Mtwara kuniangalia mimi. Leo tu, Somoe. Usimwambie Kocha."

"Ukianguka?"

"Sianguki."

Tukavutana hivyo mpaka kengele ya chai. Mwishowe tukapatana. Akizidiwa atavuta kitambaa chake cha kichwa kwa mbele, na mimi nikiona tu nitasimamisha mchezo kwa njia yoyote. Na mimi kwa upande wangu nitapunguza mwendo, atacheza bila kukimbia. Akakubali haraka mno. Haraka ile ilinitia wasiwasi kuliko damu.

Uwanja ulijaa mapema. Wanachuo walipanda hadi kwenye ukuta, watoto wa mtaani juu ya miti. Bi Mwanaisha alikuwa ametoka Msimbati alfajiri, ameketi mbele na kikapu chake mapajani, kanga mpya. Mgeni wa Dar alikaa karibu na meza ya waamuzi, shati jeupe, mikono kifuani. Jua lilikuwa linaunguza saruji, ukiweka kiganja chini unakitoa.

Mpira uliporushwa, Sharifa aliupata. Pasi yangu ya kwanza ikamfikia chini ya ringi, akageuka, akafunga. Uwanja ukalipuka. Nikamwangalia akirudi kulinda. Alikuwa anatembea hatua mbili, anakimbia moja.

Basi nikaanza kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kufanya na mpira. Sheria inakupa sekunde kadhaa za kuvuka nusu ya uwanja, na nyingine kabla ya kurusha, nami nikazila zote. Nikitoka na mpira nyuma natembea. Nikifika mbele nanyoosha kidole, "Mikindani! Mikindani!" wenzangu wanazunguka, Sharifa amesimama mahali pamoja upande wa kushoto, anapumua. Muda ukikaribia kwisha nampa, anageuka, anafunga au anapigwa faulo. Akipigwa faulo nashukuru Mungu, maana kwenye mitupo ya adhabu watu wote wanasimama.

Wapinzani wakafurahi na mwendo ule kwa sababu na wao walikuwa wamechoka. Mashabiki wetu hawakufurahi. Wakaanza kuzomea. "Kimbiza! Umelogwa?" Kocha Mapunda alikuwa amesimama kwenye mstari, shingo imemtoka mishipa.

"Somoe! Kimbiza mpira! Wamechoka hao!"

Naitika kwa kichwa, naendelea kutembea.

Mapumziko tulikuwa tunaongoza kwa kikapu kimoja. Kocha akanijia, akaniongelea kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

"Unamchezea yule mgeni? Unataka aone unavyoshika mpira peke yako?"

"Hapana, Kocha."

"Basi niambie ni nini."

Nikamtazama Sharifa. Alikuwa ameinama anajimwagia maji kichwani, na kwa chini ya mkono wake alikuwa ananitazama. Akatikisa kichwa, kidogo tu.

"Hakuna kitu, Kocha. Nitakimbiza."

Sikukimbiza. Wapinzani wakaanza kutukaribia, wakatupita. Kocha akapiga kelele mara ya mwisho, kisha akageuka kwenye benchi, akamnyanyua Neema, namba moja wa akiba, binti mwenye mbio kama swala. Filimbi ikalia. Nikaitwa nje.

Mabinti, nimefungwa mechi nyingi, nimevunjika kidole, nimeteguka magoti yote mawili. Sijawahi kuketi mahali pagumu kama benchi lile. Neema aliingia akafanya alichoambiwa. Alikuwa anakimbia na mpira mbele, nyuma, mbele, na watu wanashangilia, na kila alipokimbia Sharifa alilazimika kumfuata. Tukarudi kuongoza. Uwanja mzima ulikuwa unaimba jina la Neema. Mimi nilikuwa naangalia kitambaa cha Sharifa.

Akaruka kwa ribaundi, kuudaka mpira uliokosa kikapu, akashuka, akabaki ameinama, mikono magotini. Akainuka. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, kama ya mtu aliyekula zambarau. Akaangalia upande wetu, mkono wake wa kulia ukapanda kuelekea kichwani, polepole, nikaanza kusimama. Ukafika sikioni. Hapo akamwona mgeni wa Dar amesogea mbele kwenye kiti chake, anamtazama yeye. Mkono ukakuna sikio, ukashuka.

Nikamvuta Kocha mkono wa shati.

"Kocha, mtoe Sharifa."

"Kaa chini."

"Anaumwa. Amekohoa damu asubuhi. Mtoe."

Akanigeukia. Nilimwona akipima kama nasema kweli au ni hasira za kutolewa, na sikumlaumu wakati ule wala leo, maana mwenyewe nilikuwa nimemwambia hakuna kitu.

"Damu? Leo hii?"

"Angalia midomo yake, Kocha. Nakuomba."

Akageuka kuangalia. Wakati huohuo Neema akanyang'anywa mpira, wapinzani wakaondoka nao mbio kuelekea ringi yetu, na Sharifa peke yake akawa anawafukuza. Kocha akanyanyua mikono aombe taimauti, lakini mpira ulikuwa unachezwa, mezani hawawezi kumpa mpaka usimame. Nilimwona Sharifa akivuka katikati ya uwanja. Mguu wake ulikuwa unatua kando ya pale alipokusudia.

Nikaingia.

Sikumbuki kuvuka mstari. Nakumbuka filimbi mbili, za waamuzi wote wawili, na kelele ya watu ikikatika. Nilimfikia Sharifa karibu na mstari wa mitupo, nikamkumbatia kiunoni kwa mbele. Moyo wake niliusikia kifuani mwangu, ulikuwa haugongi, ulikuwa unatetemeka.

"Toka!" akanisukuma. "Toka, Somoe! Unaniharibia! Anaangalia!"

"Najua."

"Niache nimalize!"

"Sikuachi."

Akanipiga kifuani kwa ngumi zote mbili. Refa alikuwa anakuja, ameweka mikono alama ya faulo ya kiufundi, anasema mimi ni nje, nje kabisa, niondoke uwanjani. Sharifa akanipiga mara nyingine, na ngumi ile haikuwa na uzito. Kisha akaketi. Hakuanguka, aliketi, akinyoosha mkono nyuma kama anayetafuta kiti, na kutoka mdomoni likamtoka povu lenye rangi ya waridi.

Kocha Mapunda ndiye aliyefika wa kwanza. Alitaka kumlaza, nikapiga kelele, "Usimlaze! Akilala hapumui!" Nilijua kwa sababu ya ile mito miwili. Tukamshikilia ameketi. Bi Mwanaisha aliingia uwanjani na viatu mkononi, hakulia, akapiga magoti kwenye saruji ile ya moto na kumfungua mwanawe kitambaa.

"Ntoto wangu," akawa anasema. "Pumua, ntoto wangu. Taratibu."

Gari lililotupeleka hospitali lilikuwa la yule mgeni wa Dar. Alilileta mwenyewe hadi ukingoni mwa uwanja, akafungua mlango wa nyuma, akavua shati lake jeupe kumfutia Sharifa mdomo, akaendesha na fulana. Mimi nilikuwa upande mmoja, mama upande mwingine, Sharifa katikati ameketi wima. Njia nzima nilikuwa nasikiliza pumzi. Inaingia kwa mluzi, inatoka na mchemko, inakawia. Inakawia tena. Kila ilipokawia Bi Mwanaisha aliminya mkono wangu juu ya mapaja ya bintiye, na ilipoingia aliulegeza.

Walimpokea vizuri. Walimwekea oksijeni, wakamchoma sindano ya kutoa maji, na baada ya saa ndefu daktari mmoja kijana akatoka kutueleza. Moyo una mlango uliokakamaa, hauachi damu ipite. Akamwuliza mama kama Sharifa alipokuwa mdogo aliwahi kuumwa koo, kisha magoti na viwiko vikavimba. Mama akasema ndiyo, walimkanda kwa maji moto akapona. Daktari akasema ugonjwa ulipona kwenye magoti ukabaki moyoni. Kwa hiyo nyinyi mnaonicheka ninapowapeleka zahanati kwa koo tu, sasa mnajua.

Mechi waliimalizia. Tulifungwa. Chuoni baadhi ya watu walisema nimeiuza, wengine walisema nimeona wivu Neema kushangiliwa, na kwa wiki kadhaa nikiingia bwalo la chakula meza zilikuwa zinanyamaza. Kocha Mapunda alikuja hospitali jioni ileile, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ungeniambia asubuhi," akasema.

"Aliniapisha, Kocha."

"Namba moja haapishwi na mtu." Akaigeuza kofia mkononi. "Na mimi ningepaswa kukuuliza mara ya pili."

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni Sharifa. Siku ya pili alipoweza kusema niliruhusiwa kuingia. Alikuwa na mipira ya oksijeni puani, macho makubwa.

"Ulinitoa mbele yake," akasema.

"Ulikuwa unakufa."

"Ulinitoa mbele yake. Tulipatana nivute kitambaa. Mimi sikuvuta."

Akageukia ukutani. Nilikaa pale mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, hakunigeukia.

Wakampeleka Dar kwa matibabu ya moyo, wakawa wanamwandaa kwa upasuaji, na maandalizi yakachukua miezi, kwani kila walipotaka kumpasua walikuta mwili haujawa tayari. Mgeni wa Dar akarudi kwangu. Akaniambia klabu bado inanitaka, na kwamba kati ya vyote alivyoviona siku ile, alichokikumbuka ni mimi kuingia. Nilijiuliza kama nikienda nitakuwa nimechukua kiti cha Sharifa. Bi Mwanaisha ndiye aliyekata maneno kwa simu: "Nenda. Tena huku utakuwa karibu na sisi."

Nikaenda. Niliichezea klabu ile, na kila Jumapili nilikwenda hospitali na machungwa. Kila Jumapili Bi Mwanaisha alinipokea kwenye ngazi, akachukua machungwa, akasema, "Leo bado, mwanangu. Muache ntoto apumzike." Ananiuliza habari za kazi, namwuliza habari za mgonjwa, naondoka. Wachezaji wenzangu walinishauri niache. Mmoja alisema, "Mtu hakutaki, unamlazimisha machungwa." Nilicheka, ila Jumapili iliyofuata nilikwenda.

Jumapili moja nilimkuta Bi Mwanaisha hayupo kwenye ngazi. Nikapanda juu nikiwa nimeshika ukuta, nikamkuta kwenye korido, amejifunika kanga mpaka kidevuni.

"Wanampasua kesho," akasema. "Anakuita."

Sharifa alikuwa amekonda, amenyolewa nywele, anaonekana mrefu zaidi kitandani. Nilisimama mlangoni kama alivyosimama Kocha.

"Bado nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Sijakusamehe kwa ajili ya kesho. Usidhani ni kwa ajili ya kesho."

"Sijadhani."

"Lakini naogopa, Somoe. Mama nikimwambia naogopa ataanguka. Wewe huanguki. Kesho utakuwa nje ya ule mlango?"

"Nitakuwepo."

"Usiende kununua chai."

"Siendi popote."

"Hata wakikwambia inachukua siku nzima."

"Sharifa, nimekwambia siendi."

Akanyoosha mkono juu ya shuka. Nikaushika. Vidole vile vilikuwa vimebaki mifupa lakini vilinishika kama zamani, na tukakaa hivyo mpaka nesi akanifukuza.

Kesho yake niliketi kwenye benchi nje ya mlango, Bi Mwanaisha pembeni yangu na tasbihi. Mlango ulifunguliwa mara nyingi, kila mara tukasimama, kila mara alikuwa ni mtu anayesukuma toroli la shuka. Bi Mwanaisha akaacha kusimama. Mimi niliendelea. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Hatimaye akatoka daktari mwanamke mwenye alama za barakoa mashavuni, akamtazama mama, akavua kofia, na kwa muda ule aliovua kofia sikuwa na damu mwilini.

"Ameamka," akasema. "Anauliza kama kuna mtu amekunywa chai."

Hakucheza tena, hilo mnajua. Alirudi Mtwara na kovu kutoka shingoni hadi chini ya kifua, na vidonge vya kila siku vya kuifanya damu isigande. Mimi nilirudi baadaye, klabu ilipovunjwa, nikakabidhiwa timu ya chuo baada ya Mwalimu Mapunda kurejea kwao Songea. Siku ya kwanza nilimfuata Sharifa Msimbati nikamwambia nahitaji mtu wa kufundisha masenta. Alikuwa amekaa kibarazani anasuka ukili.

"Hujapata mwingine?" akauliza.

"Sijatafuta."

Akaendelea kusuka mpaka mstari ukaisha. "Basi nitakuja. Lakini kuna mambo nitakukatalia mbele ya watoto, usinune."

Alinikatalia mengi, na nilinuna mara nyingi. Nyinyi mmemkuta akiwa ametulia. Waliowatangulia watawaambia.

Mechi yetu ya kwanza tukiwa pamoja, tuliwaingiza mabinti darasani karibu na uwanja kabla ya kutoka. Walikuwa wameogopa vibaya, timu ngumu, watu wengi nje. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanikauka mdomoni. Ukimya ukaingia darasani, ule ukimya ambao mtu akimeza mate unamsikia. Katikati yake kukasikika sauti ndogo, ya chuma, inagonga kwa mpangilio: tik, tik, tik.

Mlango ule waliomwekea moyoni ni wa chuma. Ukiwa mahali pa kimya unausikia ukifunga. Mimi sikuwahi kukaa naye mahali pa kimya kiasi kile.

Binti mmoja akageuza shingo huku na huku. "Nani kaja na saa?" akanong'ona. "Si tumekatazwa kuingia na saa?"

Wote wakawa wanasikiliza. Nikamtazama Sharifa, sikujua atafanya nini wala mimi nifanye nini. Alikuwa ameegemea ubao, amekunja mikono, na mdomo wake uliofumbwa ukaanza kucheka.

"Ni yangu," akasema. "Haya, inukeni. Wanatusubiri."